Tundu la Nne

Kama mkono wako mmoja umenenepa kuliko mwenzake na hujui sababu, acha kusoma hapa uende ukapimwe. Haya maneno utayakuta palepale ukirudi. Mimi sikwenda. Nilichukua sindano nene ya fundi viatu nikatoboa tundu, na tundu hilo likanigharimu mwaka mzima na ubavu mmoja.

Nianze na kazi yangu, maana bila hiyo tundu halieleweki. Mimi ni mcheza jimnastiki wa timu ya taifa ya Kanada. Jamaa zangu wa Voi husema nacheza sarakasi, na nimeshachoka kuwasahihisha. Nilizaliwa Voi, nikahamia Edmonton na mama yangu nikiwa na miaka saba. Mama alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa na hakuwa na mtu wa kuniachia, kwa hiyo akawa ananiacha kwenye ukumbi wa mazoezi uliokuwa barabara moja na kazi yake. Alidhani nitachezacheza tu hadi jioni. Nikiwa na miaka kumi na sita nilikuwa nimevaa nguo zenye jani jekundu, na fito mbili zisizolingana, moja juu na moja chini, ndizo zilizokuwa riziki yangu. Vifaa vingine nilivicheza kwa heshima tu.

Wiki ya kwanza pale ukumbini nilianguka kifudifudi nikalia. Mama alikuwa amekuja kunichukua. Aliniinamia akaniambia kwa Kiswahili, ili watu wasisikie, "Hapa kwa watu hatulii." Hakuwa na ukatili. Alikuwa mgeni anayeogopa kuonekana mzigo, na aliyoyaogopa akanigawia. Nilifuta pua nikarudi kwenye foleni, na tangu siku hiyo kila kocha aliyeniuliza kama naumwa alijibiwa kwamba niko sawa.

Sasa lile tundu. Mcheza fito huvaa ngozi viganjani. Juu ina nafasi za vidole, chini ina mkanda mdogo unaofungwa kwa bizimu kwenye kifundo cha mkono. Mkanda wangu ulikuwa na matundu matatu. Jozi mpya nilifunga tundu la pili, ikilegea nikahamia la kwanza, ikizidi kulegea nikatoboa jingine ndani zaidi. Sote tunafanya hivyo, na kila mmoja ana sindano mkobani kwa kazi hiyo. Hakuna anayetoboa upande wa nje. Ngozi hulegea, haijawahi kunywea, na hilo hata mtoto wa miaka kumi kwenye ukumbi wetu analijua.

Wiki mbili kabla ya kusafiri kwenda Doha, Qatar, kwa mashindano, tundu la pili lilianza kunibana mkono wa kulia. Nikahamia la tatu. Mkono ulikuwa mzito kama nguo iliyotoka kwenye maji kabla ya kukamuliwa, na jioni ulikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia. Siku moja kabla ya safari, la tatu nalo likabana. Nilikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, nikatoa sindano, nikatoboa la nne kule nje karibu na ncha ya mkanda. Nilijiambia baridi ya Edmonton imekausha ngozi.

Najua unavyoniona. Lakini Doha ndiyo iliyokuwa iamue. Kocha wangu, Martine, aliniambia wazi kwamba nikifika fainali ya fito na kumaliza vizuri, jina langu litakuwa kwenye kikosi cha mashindano makubwa ya kiangazi. Nisipofika, nafasi itaenda kwa mwingine. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na katika mchezo wetu mtu wa miaka ishirini na mbili huanza kuulizwa atafanya nini baadaye. Martine aliponiuliza kuhusu mkono, nilisema uko sawa.

Doha nina Mama mdogo, Wakio, mdogo wake mama. Anafanya kazi kwenye chumba cha sare cha hoteli moja ya West Bay. Yeye ndiye anayepunguza suruali za walinzi, anayepanua mashati ya wapishi, anayerudisha vifungo. Mimi nimepewa jina la mama yao, Mshai, kwa hiyo wote wawili huniita mama, hata wanaponigombeza. Siku tuliyofika alikuja kwenye hoteli ya timu akiwa bado na utepe wa kupimia shingoni. Alinikumbatia, akaniachia, akanitazama mabega.

"Mama, huu mkono na huu si ndugu," alisema.

"Ni misuli, Mama mdogo. Ni mkono wa kulia, unafanya kazi zaidi."

"Mimi nashonea watu wa kunyanyua mizigo. Misuli naijua." Akavuta utepe shingoni, akaupima mkono wa kulia juu ya kiwiko, kisha wa kushoto, palepale sebuleni mwa hoteli watu wakipita na masanduku yao. Wa kulia ulizidi kwa upana wa vidole viwili. "Huu uonwe na daktari leo."

Nilimwambia baada ya fainali. Nilimwambia kwa upole kwamba kuna daktari wa timu, nikaacha kumwambia kwamba daktari huyo hakusafiri nasi. Alikunja utepe wake. Alikuwa na zamu asubuhi.

Siku ya mchujo niliruka vizuri. Siwezi kusema uongo, niliruka vizuri kuliko nilivyowahi kuruka. Nilishuka, nikasimama miguu haikusogea, nikainua mikono kwa waamuzi, na wa kulia ulikuwa na rangi ya bilinganya. Niliingia fainali nikiwa wa tano. Nilipopanda ngazi za kwenda chumba cha kubadilishia nguo, ngazi kumi na mbili tu, pumzi ilikata katikati. Nikashika ukuta. Kifuani kulikuwa na kitu kinachonichoma kila nikivuta hewa, kama kichomi. Nilijiuliza kama nikikaa kimya itapita.

Aliyenikuta pale ni Mama mdogo. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake akaja kunitazama bila kuniambia, akakata tiketi kama mtu yeyote. Alimwita Martine kwa mkono, akaninyooshea kidole, akasema kwa Kiingereza chake cha hotelini, kwa adabu yote, kwamba binti huyu anakwenda hospitali sasa hivi.

Chumba cha kusubiri cha dharura kilikuwa na viti vya buluu, upande wa wanawake na upande wa wanaume, na runinga isiyo na sauti. Ukisubiri mahali pa namna hiyo unajifunza watu. Mama mmoja wa Kisudani alikuwa akimpepea mtoto kwa kadi ya kliniki. Mlinzi mmoja Mnepali alikaa wima na buti zake kana kwamba bado yuko kazini. Mimi nilikuwa nimevaa leotadi, ile nguo ya kubana ya mashindano, inayometameta chini ya koti la timu, nywele zimebandikwa kwa jeli, chaki hadi kwenye viwiko, na kila aliyepita alinitazama mara mbili.

Muuguzi wa kupokea wagonjwa alikuwa Mkenya, wa Kericho. Sista Chebet. Aliposikia Mama mdogo akiongea nami alifurahi, akaacha Kiingereza.

"Mshai, kutoka ziro mpaka kumi, uchungu ni ngapi?"

"Mbili," nilisema.

Alinitazama kifua kinavyopanda na kushuka. "Wewe ni wa michezo?"

"Ndiyo."

"Nilijua. Nyinyi ndio mnanisumbua hapa. Juzi nilikuwa na mkimbiaji, mfupa umevunjika, ananiambia tatu. Nikiandika mbili unaenda nyuma ya huyo mtoto mwenye mafua, unaskia? Hapa hakuna judge. Nipe ya ukweli."

Si kwamba nilikuwa nikificha. Nilikuwa naitafuta hiyo namba na siioni, kwa sababu kwa miaka kumi na mitano sikuwa nimeiangalia. Mwishowe nilisema sita. Halafu nikasema, "Saba." Mama mdogo aligeuza uso upande wa runinga.

Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa mkubwa unaopita chini ya mtulinga, pale ubavu wa kwanza unapokaribiana na mfupa huo. Miaka ya kuning'inia na kuzungusha mikono ilikuwa imeuminya mshipa hapo mpaka ukachoka. Kipande kidogo kilikuwa kimekatika kikaenda kwenye pafu. Daktari alikuwa mtu mzima mpole aliyeongea polepole. Aliniuliza ni lini nilianza kuona dalili. Nilimpa ile ngozi kutoka mkobani, nikamwonyesha tundu la nne. Aliigeuzageuza, akaiweka juu ya shuka karibu na mkono wangu, akaandika.

Waliniingiza mpira mwembamba kwenye mshipa, dawa ikapita humo siku mbili kuyeyusha lile donge. Siku mbili unalala chali husogei. Fainali ya fito ilichezwa siku ya pili. Wa akiba wa kwanza aliingia mahali pangu, na Martine alinitumia ujumbe kwamba nisitazame. Nilitazama, kwenye simu iliyoegemezwa kwenye glasi ya maji. Yule msichana aliruka vizuri tu, na nikalia, na kifua kikauma kwa kulia. Sista Chebet alikuja kubadilisha dripu akaniuliza ngapi. Nikamwambia ya kifua ni nne, hiyo nyingine sijui inapimwaje. Akasema hiyo nyingine hana fomu yake.

Timu iliondoka. Mimi sikuruhusiwa kupanda ndege, na baadaye madaktari wakasema ni heri nifanyiwe upasuaji hapohapo kabla ya safari ndefu. Ndivyo nilivyohamia mtaa wa Abu Hamour, kwenye chumba cha Mama mdogo, katika nyumba anayokaa na Mkenya mwingine na Mganda mmoja aitwaye Nakato, anayeendesha basi la shule. Mama alifika baada ya siku nne akiwa na koti la theluji mkononi.

Wagonjwa wenzangu, ugonjwa huuguliwa na watu wote wa nyumba. Jioni ya kwanza mama alimgeukia mdogo wake jikoni.

"Uliuona mkono. Ukaupima na utepe, ukamwacha aende akaruke?"

"Dada, nilimwambia."

"Ulimwambia! Mtu mzima anamwambia mtoto halafu anakwenda kazini?"

"Huyu mtoto nani alimfundisha kufunga mdomo akiumia?" Mama mdogo hakupandisha sauti. "Wewe ndiye umemlea. Mimi ningeufungua huo mdomo na nini, na kisu?"

Hawakuzungumza siku tatu. Tulilala chumba kimoja, watu watatu, na waliongea kupitia kwangu. Mwambie mama yako chai iko tayari. Mwambie Wakio asante. Kuna wakati Mama mdogo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa mama na bado akaniambia nimwambie asogeze sufuria. Nakato alikuwa akishika tumbo kwa kicheko akikimbilia chumbani kwake.

Mashati ndiyo yaliyowapatanisha. Sikuweza kuinua mkono, na nguo zangu zote ni za kuvaliwa kichwani. Ijumaa baada ya ibada, maana huko kanisa ni Ijumaa, Mama mdogo alikaa kitandani na fulana zangu, akazikata katikati mbele ili azitie vifungo. Zilikuwa nane. Mama alimtazama akihangaika na ya kwanza, mshono wa kwapa umegoma. Alivuta kiti, akachukua wembe, akaanza kufumua. Mama alifumua, Mama mdogo akashona, mpaka jua likatua. Kwenye fulana ya tano mama alisema, "Ni mimi niliyemwambia. Alikuwa na miaka saba." Mama mdogo akasema, "Najua, dada. Nipe huo mkasi." Fulana hizo ninazo hadi leo, na vifungo vyake ni vya wapishi wa hoteli.

Kuanzia siku hiyo mama aliniuliza kila jioni, akiniangalia usoni, "Ngapi?"

"Mbili."

"Mbili ya kweli au mbili ya fito?"

Mara nyingi ilikuwa mbili ya fito, nami ilinibidi nianze upya. Nilichukia swali hilo. Nilimwambia hivyo. Aliendelea kuliuliza, na sasa ndilo jambo la kwanza ninalompa mtu yeyote anayeniuliza afanye nini. Tafuta mmoja wa kukuuliza mara mbili.

Nilihesabu miezi kwa dawa. Kwanza ulikuwa wakati wa sindano, asubuhi na jioni tumboni, na tumbo likawa na madoa ya bluu na manjano. Halafu vidonge. Dawa za kuzuia damu isigande zina mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Ukipiga mswaki, sinki jekundu. Hedhi ikawa ya kukalia taulo, nikadhani nakufa, mpaka Nakato aliponiambia, "Banange, si uulize daktari? Mwili ni wako, aibu ya nini?" Niliuliza, na daktari akabadilisha kipimo. Begani na kifuani ilijitokeza mishipa midogo kama mizizi, maana damu ilikuwa inatafuta njia za panya. Mapaja ya mwanamichezo niliyokuwa nayo yakapungua. Lakini lililonishangaza zaidi ni viganja. Sugu nilizokuwa nazo tangu utotoni zilikauka, zikainuka kingo, zikaanza kubanduka. Mama alikuta moja kwenye beseni la kunawia akadhani ni ganda la kitunguu. Chini yake ngozi ilikuwa laini ya waridi, ya mtu asiyewahi kushika kitu. Nilimwonyesha, akavishika viganja vyangu kwa muda mrefu.

Rehema ndogo zilikuwepo. Nakato akirudi na basi tupu alinipitisha pwani ya The Pearl, mtaa wa matajiri, nikatazame boti za watu ambao nina hakika hawajui kuogelea. Mpakistani wa duka la karak, chai ya maziwa yenye iliki, chini ya nyumba yetu alijifunza kwamba siwezi kufungua mlango kwa mkono wa kulia, akawa ananiletea kikombe nje. Siku moja alinisogezea na kiti. "Yalla, mgonjwa, kaa," alisema, na hilo likawa jina langu mtaa mzima.

Joto lilianza kupanda, na upasuaji ukafika. Ubavu wa kwanza ulitolewa kupitia kwapani ili mshipa upate nafasi. Asubuhi ile mama alikuwa amekaa kando ya kitanda na rozari, Mama mdogo upande wa pili na utepe wake.

"Adamu alitolewa ubavu akapewa mke," alisema Mama mdogo. "Wewe unapewa nini?"

"Mshipa," nilisema.

"Mshipa nao ni kitu. Kuna wenye wake wasio na mshipa."

Mama alicheka kwanza, halafu akalia, halafu wakanipeleka. Nilipozinduka nilikuwa na bomba kifuani na kiu ya jangwa, na mama akiuliza, "Ngapi?" Nikasema nane, mara moja, bila kutafuta. Alimwita muuguzi kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo mbele za watu.

Kikosi cha kiangazi kilitangazwa nikiwa najifunza kuinua mkono hadi usawa wa bega. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta wa chumba, natembeza vidole juu kama buibui, alama za penseli zikionyesha nilikofika jana. Niliona majina kwenye simu. La kwangu halikuwemo, na nilijua halitakuwemo, na bado nilisoma orodha mara tatu. Nisikudanganye kwamba iliniuma kidogo. Iliniuma kuliko ubavu. Siku hiyo sikutembeza vidole. Kesho yake nilitembeza.

Tulirudi Edmonton majani yakianza kugeuka rangi. Vidonge viliisha theluji ilipokwisha kukaa. Siku niliyoning'inia kwenye fito kwa mara ya kwanza nilihesabu sekunde sita nikaachia, viganja vinawaka. Sugu zilirudi polepole. Ngozi zangu mpya zilikuja na matundu matatu, nikafunga la pili. Ile ya zamani yenye matundu manne mama aliitaka kwa ajili ya pipa la taka, nikamnyima. Ilikaa chini mkobani, pamoja na sindano.

Mwaka ulizunguka, na nikarudi Doha kwenye mashindano yaleyale. Niseme tena kilichokuwa mezani, kwa sababu hakikupungua. Miaka ishirini na tatu, mshipa uliozibuliwa, na wakubwa wa timu waliotaka kuona kama bado nipo. Nafasi nyingine isingekuja. Katika mchujo nilikuwa wa tatu. Sikuwa nimewahi kuingia fainali yoyote nikiwa juu hivyo. Mama mdogo alikuwa jukwaani na Nakato, na Sista Chebet aliyekuja na pompomu nyekundu za kushangilia alizonunua sijui wapi.

Siku ya fainali nilivaa ngozi mapema. Kushoto, tundu la pili. Kulia nikavuta mkanda na tundu la pili halikufika kwenye bizimu. Nikavuta tena. Nikafunga la tatu, likakubali, likibana kidogo. Mkono ulikuwa mzito. Si sana. Rangi yake ilikuwa ya kawaida, au niliiona ya kawaida, kwa taa zile. Kutoka ukumbini niliwasikia wakitangaza majina ya waamuzi.

Nilikaa kwenye benchi na mkono ule mapajani. Nilijua kabisa la kufanya ili niruke, na mikono yangu ilijua kabla yangu, kwa sababu niligundua kwamba nimeshafungua zipu ya mkoba. Nilikuwa nimekwisha panga na maneno. Baada ya fainali. Dakika arobaini tu. Ni safari ya ndege, ni joto, ni mchujo wa jana.

Martine aliingia akasema, "Uko sawa?"

"Mkono wa kulia ni mzito," nilisema. "Umevimba tundu moja."

Uso wake ulibadilika. Tulitazamana, na nadhani wote wawili tulitamani ningesema lile jibu la zamani. Kisha akatoka kwenda kuwaambia waamuzi, na msichana wa akiba akaanza kupasha mwili moto. Nilivua ngozi moja, halafu nyingine. Nilipopita chini ya jukwaa na koti la timu begani, Mama mdogo alikuwa amesimama tayari, mkoba kwapani.

Viti vya buluu vilikuwa vilevile. Walinipaka jeli baridi ya kupimia mshipa shingoni na kwapani, wakanipitisha kwenye mashine, wakanitoa damu, tukasubiri. Ukumbini wakati huo walikuwa wakigawa medali. Sikutazama simu. Daktari alikuja na karatasi, yuleyule mpole, akakaa kwenye kiti badala ya kusimama.

Hakukuwa na kitu. Mshipa ulikuwa wazi, damu inapita vizuri. Misuli ilikuwa imevimba kwa kazi ya jana, mara nyingine hutokea baada ya ndege ndefu na mazoezi mazito. Nilimuuliza kama ningeweza kuruka. Hakunificha. Alisema, ndiyo, ningeweza kuruka.

Nilikaa pale nikiwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumpa. Mwaka mzima, ubavu, sugu, vidole kwenye ukuta, halafu hakuna kitu. Mama mdogo alinunua karak mbili kwenye mashine, akanipa moja. Alisema, "Mimi hupima shati hata nikijua namba yake. Siku nyingine linatoshea. Sioni aibu kwa kupima." Nilikuwa sitaki kufarijiwa, na alijua, akanywa chai yake.

Kisha simu yake ikalia. Ilikuwa Edmonton, ambako bado ni asubuhi, na mama alikuwa kazini, amekaa na wazee wake mbele ya runinga ya sebuleni tangu alfajiri akingoja jina langu litajwe. Mama mdogo alinipa simu.

"Mama," alisema mama yangu. Nilisikia anavyovuta pumzi. "Walisema umetoka. Ngapi?"

Niliangalia mkono wangu mapajani, mkono mzima kabisa. Nikaitafuta ile namba, na safari hii ilikuwapo palepale.

"Mbili."

"Mbili ya kweli?"

"Ya kweli, mama. Nimeshapimwa. Hakuna kitu."

Nikasikia kwamba analia, kwa sauti, huko sebuleni kwa watu.